Elimu ya Profesa Miriam Were na Jasho la Wahudumu wa Mitaani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Eldoret)



Kamati ya elimu ya chama ilituagiza tuseme leo juu ya mtu mmoja wa elimu na maandiko yake. Ilani ilipobandikwa ubaoni, wengine wenu waliuliza: chama cha wafanyakazi na maandiko ya profesa wapi na wapi? Sisi tumezoea kusema habari za mishahara, saa za kazi, likizo na mtu kufukuzwa bila barua. Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu mwanzo kabisa.

Katika orodha ya mambo ya leo liko ombi la majirani zetu wa Langas, Huruma na Munyaka. Ni wahudumu wa afya wanaokwenda nyumba kwa nyumba, ambao siku hizi huitwa wahamasishaji wa afya ya jamii. Wanataka chama chetu kiwaunge mkono katika madai yao ya kulipwa kama watu wa kazi. Tutapiga kura baada ya maneno haya. Lakini mtu hawezi kupiga kura vizuri juu ya kazi asiyoijua ilikotoka. Nani aliifikiri kazi hiyo? Kwa nini ilianza kwa kujitolea? Na elimu yenyewe, je, yasema kweli au ni maneno ya vitabuni tu? Ukiuliza hayo katika Kenya, hutakwenda mbali kabla ya kulikuta jina la Profesa Miriam Were. Kwa hiyo tutaanza naye.

Miriam Were alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Lugola, upande wa Kakamega. Alisoma Marekani katika chuo cha William Penn, jimbo la Iowa, akarudi Afrika Mashariki, akasomea ualimu Makerere, akawa mwalimu wa shule. Ualimu ndio uliomfungua macho. Aliona watoto wakikosa masomo kwa sababu ya maradhi, leo huyu, kesho yule, akafahamu kwamba mwalimu hawezi kumfundisha hesabu mtoto anayetetemeka kwa homa. Basi akaiweka chaki chini, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1973.

Yafaa pia mjue kwamba mama huyu alikuwa mtunzi wa hadithi. Mwaka 1969 kilitoka kitabu chake “The High School Gent”, mwaka 1972 kikatoka “The Eighth Wife”, na mwaka 1980 “Your Heart Is My Altar”. Twalitaja jambo hili kwa sababu mtunzi wa hadithi ni mtu aliyezoea kusikiliza maneno ya nyumbani, na tabia hiyo ilimfaa sana katika kazi aliyoifanya baadaye.

Alipokuwa daktari aliona jambo ambalo kila muuguzi wa hapa kwetu analijua. Mtoto analetwa anahara, anatibiwa, anarudi nyumbani. Baada ya wiki chache analetwa tena na ugonjwa uleule. Daktari ana dawa, lakini maji ya nyumbani ni yaleyale, choo hakipo, chanjo haikupatikana, na mama amebeba mtoto kutoka mbali hata amefika amechelewa. Nyinyi mliolelewa katika mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu mtaifahamu hali hii. Ni sawa na mtu anayewafukuza ng’ombe wa jirani shambani kila asubuhi, na ua limebomoka. Anashinda akikimbia, mahindi yanazidi kuliwa, na mwisho analaumiwa kwa uvivu. Dawa yake ni kwenda uani.

Daktari Were akaenda uani. Katika miaka ya 1970 aliongoza mradi wa majaribio huko Kakamega, uliounganisha Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Nairobi na shirika la UNICEF. Na neno la kwanza la kujifunza ni hili: hakuanza kwa kuwaambia watu, alianza kwa kuwauliza. Mwaka 1977 alichapisha katika jarida la madaktari wetu, “East African Medical Journal”, makala juu ya mawazo ya wanawake wa mashambani kuhusu huduma ya afya ya jamii. Hebu fikirini siku zile. Mwanamke wa kijijini alihesabiwa kuwa mtu wa kupokea tu. Ajapo hospitalini hupanga foleni, huambiwa fanya hivi usifanye vile, huondoka. Daktari huyu akamfanya mama yule kuwa mwenye maoni, na maoni yake yakaandikwa katika jarida linalosomwa na madaktari.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Wanakijiji walikutana wakazungumza juu ya maradhi yao wenyewe. Wakachagua watu miongoni mwao, si kwa cheti bali kwa kuaminika, wakafundishwa mambo machache yaliyo muhimu, kisha wakarudi kuwahudumia majirani. Kazi yao ilikuwa kuhimiza choo cha shimo, maji safi, chanjo kwa watoto, na mama mjamzito kwenda kliniki mapema. Hayakuwa mambo ya mashine kubwa.

Twapenda kutoa mfano mmoja mtakaokwenda nao nyumbani leo. Mtoto anayeharisha mara nyingi huuawa na kukaukiwa kwa maji mwilini. Dukani na zahanati kuna pakiti za chumvi maalumu za kuchanganya na maji, nazo ndizo bora. Lakini kama pakiti haipo, mama aweza kuchukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, akatia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akakoroga, akampa mtoto kidogo kidogo huku akimnyonyesha na safari ya kwenda zahanati ikiandaliwa. Asizidishe chumvi. Haya yaandikwa kwa mistari mitatu, lakini mama akiyajua usiku wa manane, mtoto aweza kuiona asubuhi. Nani atamfundisha? Daktari mmoja hawezi kuingia kila nyumba. Jirani aweza.

Daktari Were alikwenda tena Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mji wa Baltimore, akapata shahada ya afya ya umma mwaka 1976, na shahada ya udaktari wa elimu hiyo mwaka 1981. Alifundisha Nairobi na kuongoza idara ya afya ya jamii. Mafunzo ya Kakamega aliyaandika katika kitabu juu ya namna ya kupanga na kuendesha huduma za afya za jamii, kilichotolewa na UNICEF, ili mtu wa Lamu au wa Turkana asianze gizani.

Tukikusanya maandiko yake na kazi yake pamoja, twaona mafundisho matatu. La kwanza, maradhi mengi ya watu wetu huanzia nyumbani, basi na kinga ianzie nyumbani. La pili, watu wa mahali wachague wenyewe mtu wa kuwahudumia, maana aliyechaguliwa na majirani hufunguliwa mlango. La tatu, ambalo amelisema mara nyingi hata likajulikana kuwa neno lake, ni kwamba jambo lisilotendeka kijijini halijatendeka katika taifa. Waziri aweza kukata utepe Nairobi na gazeti likaandika, lakini kama nyumba ya mwisho ya Langas haijaguswa, bado.

Mawazo haya hayakuwa ya mtu mmoja peke yake, na hatutaki kumpa mmoja sifa za wengi. Mwezi wa Septemba 1978, mwaka mmoja baada ya makala tuliyoitaja, wajumbe wa serikali 134 walikutana katika mji wa Alma-Ata, nchini Kazakhstan, wakatangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikishia watu wote afya. Hapa Kenya, Saradidi huko Siaya, Daktari Dan Kaseje na wenzake walifanya kazi na wanakijiji waliojitolea, wakatoa dawa ya malaria karibu na nyumba za watu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987 yakasomwa nchi nyingi. Lakini sauti ya Miriam Were ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia, na haikunyamaza.

Haikunyamaza hata miaka ilipokuwa mibaya. Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1965 serikali ya uhuru iliondoa malipo ya wagonjwa wa nje katika hospitali za serikali. Disemba 1989 malipo yalirudi, kwa jina la kuchangia gharama. Fedha za umma zilipungua, na miradi mingi ya vijijini ilibaki bila dawa na bila msimamizi. Mhudumu wa kijiji akawa kama askari aliyesahauliwa mpakani. Miaka hiyo Daktari Were alifanya kazi nje, akiwa mwakilishi wa Shirika la Afya Ulimwenguni huko Ethiopia na baadaye katika shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu. Aliporudi, tangu mwaka 2003 aliongoza Baraza la Taifa la Kudhibiti UKIMWI, akalisema tena neno lake la kijiji.

Mwaka 2006 Wizara ya Afya ikatoa mkakati wa afya ya jamii. Sikilizeni vizuri jinsi ulivyopanga ngazi. Ngazi ya 6 ni hospitali kubwa za taifa, kama Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa iliyo hapa mjini kwetu. Ngazi ya 1 ni jamii yenyewe: nyumba, mtaa, kijiji. Yaani serikali ilikiri kwa maandishi kwamba mama mwenye daftari anayebisha hodi Munyaka yumo katika jengo lilelile alimo daktari wa upasuaji, naye ndiye aliyesimama kwenye msingi.

Mwaka 2008, huko Yokohama, nchi ya Japani ilimpa Profesa Were Tuzo ya Hideyo Noguchi ya Afrika kwa kazi yake ya kufikisha huduma za afya kwa wanawake na watoto wa vijijini. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Na mwaka 2013 aliteuliwa kuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, ndipo jina lake likaungana na mji wetu.

Ndugu zangu, wapo watakaosema: hayo ni ya Kakamega na Japani, sisi twataka ya Eldoret. Vema, tuje nyumbani.

Hospitali ya Moi ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo, katika mji huu ambao wenyeji waliuita pia Sisibo, yaani sitini na nne, kwa namba ya shamba. Leo ni ngazi ya 6, na mji tangu Agosti 2024 waitwa jiji. Chuo cha udaktari kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, na tangu mwanzo kiliwatuma wanafunzi wake kwenye vituo vya afya vya mashambani, wakae na watu, wapime maji, wahesabu vyoo, waulize maswali. Mwanafunzi wa udaktari wa Eldoret hujifunza kuuliza kabla ya kuandika dawa. Ni elimu ya ukoo mmoja na ile ya Kakamega.

Kisha ukaja UKIMWI. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mpango wa AMPATH, ambao ndani yake Daktari Joe Mamlin na Profesa Sylvester Kimaiyo wanajulikana sana. Wengi wetu hapa tulizika ndugu miaka ile, hatuna haja ya kuyarudia. Dawa zilipofika, wagonjwa walikuwa wengi kuliko waganga. Basi huko Mosoriot, njia ya Kapsabet, watafiti wakajaribu jambo. Wakachukua wagonjwa kama mia mbili waliokuwa wakitumia dawa na hali yao imetulia. Wengine waliendelea kwenda kliniki kila mwezi. Wengine walitembelewa nyumbani na watu waliofundishwa, ambao wenyewe waliishi na virusi vilevile, nao wakaenda kliniki mara chache tu. Baada ya mwaka mmoja wakapima damu za pande zote mbili. Hali zao zilikuwa sawasawa, ila waliotembelewa nyumbani walikwenda kliniki nusu ya mara walizokwenda wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kimataifa.

Mfanyakazi anaifahamu maana ya nusu hiyo mara moja. Ni nusu ya nauli. Ni nusu ya siku za kuomba ruhusa kwa msimamizi. Ni nusu ya kueleza mbele ya wenzako kwa nini unakwenda hospitali tena.

Sasa tuzungumze juu ya kipimo. Wenye elimu wana desturi ya kuhesabu ni mara ngapi maandiko ya mtu yametajwa na wengine, na kwa hesabu hiyo humpa cheo. Hatuidharau desturi hiyo, kwa maana fundi husifiwa na mafundi. Lakini sisi watu wa kazi tunacho kipimo chetu. Twauliza: neno hili limefika mlango wa nani? Kwa kipimo hicho Profesa Were ni mkubwa kweli, maana mwezi wa Septemba 2023 serikali ilituma mitaani na vijijini wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake: kipimo cha presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, utepe wa kupima mkono wa mtoto aliyekonda, mizani na simu ya kuandikia. Makala ya mwaka 1977 imetembea ikafika Huruma. Ni profesa wachache wa nchi yoyote wanaoweza kusema hivyo.

Lakini imetembea kwa miguu ya nani? Hapo ndipo hoja ya leo ilipo.

Sisi wa kamati tulikwenda Langas tukashinda na mama mmoja mhudumu. Jina lake tutalihifadhi. Alianza kazi saa mbili asubuhi. Nyumba ya kwanza, mjamzito ambaye hajaenda kliniki. Nyumba ya tatu, mtoto amekosa chanjo ya pili. Nyumba ya saba tulimkuta mwenzetu, mwanachama wa chama hiki, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Alisema kichwa kinamuuma tangu juzi, ati ni uchovu wa mashine. Mama akamfunga kipimo mkononi, akakipuliza, akatazama, akapima tena. Hakumtisha. Alimwambia kwa upole, “Baba, leo usilale. Vaa viatu, twende.” Akampeleka zahanati mwenyewe. Presha ilikuwa juu mno. Mwenzetu huyo leo anatumia dawa, na ameketi pamoja nasi katika mkutano huu.

Jioni tulimwuliza mama ameifanya kazi hii muda gani. Akasema miaka 9 kabla ya kuona shilingi yoyote ya posho. Viatu, nauli, daftari, alinunua mwenyewe kwa kuuza mboga. Na siku alizotembelea wagonjwa, mboga hazikuuzwa.

Hatusemi haya ili kumlaumu Profesa Were. Mtu aliyeanza na kijiji kisicho na kitu aliita watu wajitolee, kama tulivyoitana Harambee tukajenga shule. Lakini chama cha wafanyakazi hakina budi kusema wazi: kujitolea kulikoanza kama mbegu kumegeuzwa kuwa shamba la watu wengine. Mama maskini ameikopesha nchi jasho lake kwa miaka, na hakuna aliyeandika deni hilo.

Wapo kati yetu wenye shaka, nasi tumezisikia shaka zao. Mmoja asema, ukilipa, moyo wa ujirani utakufa. Twamjibu hivi: kumpelekea uji jirani aliye mgonjwa ni ujirani. Kutembelea nyumba kama 100, kuandika taarifa kwenye simu, kufuata ratiba na kuulizwa na msimamizi ni kazi. Muuguzi ana moyo, naye hulipwa. Mwalimu ana moyo, naye hulipwa, na asipolipwa huitwa mgomo.

Mwingine asema neno zito zaidi: akilipwa na serikali atamsikiliza anayemlipa, ataacha kuwasikiliza waliomchagua, na fundisho la pili la Profesa litavunjika. Hiyo ni hatari ya kweli. Lakini njia ipo. Mwalimu mkuu hulipwa na umma, na bado huwajibu wazazi katika mkutano wa shule. Mtaa umchague mhudumu, mtaa uisikie taarifa yake, na mfuko wa umma umlipe. Mambo hayo matatu yaweza kukaa pamoja.

Na elimu yenyewe sasa iko upande wetu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo juu ya wahudumu wa afya ya jamii. Lilishauri walipwe kulingana na ugumu wa kazi, saa zake, mafunzo na wajibu wao, wawe na mapatano ya kazi yaliyoandikwa, na malipo yao yasitegemee tu idadi ya kazi zilizotimizwa. Ndugu, ukisoma mashauri hayo unadhani unasoma madai ya chama chetu!

Kenya imepiga hatua, na tuiseme bila choyo. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 imewatambua wahudumu hawa. Wakati uleule ilikubaliwa wapewe posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu itoe nusu na kaunti itoe nusu. Ni bora kuliko sifuri. Lakini fanyeni hesabu. Shilingi 5,000 kwa nyumba 100 ni shilingi 50 kwa nyumba moja, kwa mwezi mzima. Hiyo hamsini huishia kwenye matatu kabla ya kufika kazini. Tena posho si mshahara. Ikichelewa, mwenye kuipokea hana barua ya kazi ya kushika mkononi aende kudai.

Kuna jambo moja la kujihadhari. Wapo wakubwa ambao wakisikia matokeo kama yale ya Mosoriot watafurahi kwa sababu mbaya. Watasema: basi tusiajiri wauguzi, tutumie watu wa mitaa, ni rahisi. Hilo tulikatae mapema. Mhudumu wa mtaa si muuguzi wa bei ya chini. Mwenzetu wa Langas aliokolewa kwa sababu kulikuwa na mama wa kupima na pia zahanati yenye muuguzi na dawa. Ngazi ya 1 bila ngazi ya 2 ni mlango usio na nyumba. Tukiwaunga mkono hawa, tuwaunge pamoja na wauguzi na waganga, tusiwagonganishe.

Basi kamati yaleta mbele yenu mambo matatu ya kupigiwa kura.

La kwanza: chama kiandike barua rasmi ya kuunga mkono madai ya wahudumu wa afya wa mitaa yetu, wapate mapatano ya kazi yaliyoandikwa, posho ifike kwa tarehe inayojulikana, na pawe na mpango wa kuigeuza kuwa mshahara.

La pili: tuwaombe waajiri wetu watenge saa moja kila miezi mitatu, wahudumu waje na vipimo vyao, tupimwe presha na sukari palepale kazini, bila mtu kukatwa ujira. Wengi wetu twaita ugonjwa uchovu mpaka siku tunapoanguka.

La tatu: gazeti letu hili litoe ukurasa mmoja kila mwezi wa kueleza kwa Kiswahili chepesi mambo ambayo watafiti wameyapata juu ya afya ya watu kama sisi. Damu iliyopimwa Mosoriot ni ya watu wetu, lakini matokeo yalichapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo wao hawayaoni. Anayeulizwa maswali ana haki ya kusikia jibu.

Twamaliza. Miriam Were aliacha chaki kwa sababu mtoto mgonjwa hakuweza kujifunza. Alikwenda kijijini kuuliza, akaandika alichosikia, na maandiko yake yakazunguka dunia yakarudi kwetu yakiwa yamebebwa na mama mwenye mkoba. Heshima tutakayompa profesa kwa kutaja jina lake mkutanoni ni ndogo. Heshima kubwa ni kumtendea haki yule anayeibeba elimu yake mlangoni mwetu kila asubuhi. Neno lake, kwamba lisilotendeka kijijini halijatendeka katika taifa, na tulilinganishe na haki ya malipo pia: mshahara usiofika Langas haujalipwa.

Ndugu Mwenyekiti, mama wa Langas ameketi pale nyuma karibu na mlango. Twaomba kura ihesabiwe kwa mikono, naye aione.

Umoja ni nguvu.